Tupeane uzoefu: ulichaguaje chuo cha kusomea injinia?

Mama wa Umoja
Wadau habari zenu. Kijana wangu amemaliza fomu foo, amepata A- na anataka injinia, lakini ukimuuliza injinia gani anasema injinia tu mama. Sio kwamba hajafikiria, huyu mtoto alifungua pasi yangu akiwa darasa la 6 akairudisha na ikawaka, anapenda vitu vyote, nyaya, gia, madaraja, mpaka mfereji wa jikoni ukivuja anataka aufungue yeye. Sasa ukiingia kwa portali ya KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo hapa Kenya, unatakiwa uchague hapo hapo, sivili ya barabara na majengo, mitambo, umeme, mekatroniki ya kuchanganya mitambo na umeme. Na huku ploti kila mtu ana chuo chake anakitetea kama timu ya mpira. Naomba waliopitia waniambie walichaguaje na saa hii wangefanya nini tofauti. Listi za vyuo bora msinitumie, nimezisoma mpaka nikachoka.

Kijana wa Mamlaka Road
Hongera mama, A- si mchezo. Mimi nilisoma umeme UoN, Chuo Kikuu cha Nairobi, na nakwambia asiogope sana hilo jina la idara, juu mwaka wa kwanza mengi yanafanana, ni hesabu, fizikia, kuchora, hesabu tena. Mimi niliingia nikitaka sivili, umeme ndio nilipata, na nimeupenda. Lakini msiende na ile imani ya "ataingia alafu atahama", kuhama kunataka klasta yako, yaani hesabu ya alama za masomo yanayotakiwa na kozi, ifikishe pointi za kule unakotaka na pia nafasi iwepo. Niliona wenzangu wakizungushwa na makaratasi muhula mzima wakaishia pale pale.

Wa Inda
Hii yangu ni ndefu kidogo mnivumilie. Mimi nilichagua kwa jina la chuo. Sitakitaja. Jina lilikua kubwa na kozi ilikua mpya, tulikua kati ya wale wa kwanza kabisa, na hakuna hata mmoja wetu aliuliza swali moja tu, hii kozi imetambuliwa na EBK, Bodi ya Wahandisi ya Kenya? Tulidhani chuo kikiwa na kibali cha kufundisha basi imeisha. Haijaisha. Chuo kuwa halali ni kitu kimoja, kozi kutambuliwa na Bodi ya Wahandisi ni kitu kingine, na kwa ile sheria ya 2011 bila kusajiliwa na bodi huwezi kujiita injinia, huwezi kutia sahihi mchoro wa mtu. Nimesoma miaka 5, mzee wangu ameuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba, nimefika na makaratasi yangu yamepangwa vizuri kwa faili ya kijani naambiwa kozi yako hatuna kwa orodha. Pale ofisini nilinyamaza, nikalia kwa matatu ya kurudi Pipeline mpaka kondakta akaniuliza kama nimeibiwa simu. Tulifuatilia kama kundi miaka 2, kozi ikatambuliwa, nikasajiliwa, lakini hio miaka 2 nilikua naandikwa kama fundi na kulipwa kama fundi. Mama, orodha ya kozi zilizotambuliwa iko kwa tovuti ya EBK. Tafuta jina la kozi yenyewe, neno kwa neno, pale chuo hicho. Usikubali kuambiwa "iko njiani".

Mtu wa Ngara
Naongezea hapo. Angalia pia digrii inaitwaje. Mimi yangu ni ya Teknolojia, miaka 4, na mtu wa hio anasajiliwa kama mteknolojia wa uhandisi kwa bodi nyingine ya wateknolojia na mafundi sanifu, KETRB, iliyoanzishwa na sheria ya 2016. Ni kazi nzuri na ya heshima, naishi nayo, ila niliijua tofauti nikiwa nimeshamaliza.

Dada wa Juja
Mama mimi ni mekatroniki, JKUAT, chuo cha Jomo Kenyatta huku Juja. Shauri langu ni moja, mpeleke akaone woksho kabla hujabonyeza kitu. Usiishie kwa geti na majengo mapya. Muombe tekinishani awaonyeshe mashine ya lethi, ile ya kuchonga chuma kikizunguka, alafu uangalie chini. Ukiona vile vyuma vimejikunja kunja kama maganda ya viazi na mafuta bado mabichi, hapo wanafunzi wanaitumia. Ukiona imefunikwa nailoni na juu kuna vumbi, hapo mtoto atasoma lethi kwa ubao.

Na muulize atachimenti, ile ya kwenda kujifunza kazi kiwandani, wanasaidiwaje. Mimi nilizunguka Industrial Area na barua ya chuo na karatasi ya bima, ofisi 14, kwa miguu kutoka Lunga Lunga hadi Enterprise Road, ya 14 ndio wakanichukua. Mtoto akiwa chuo cha mbali na viwanda ajipange kuja mjini likizo ndefu, na hio ni nyumba na nauli nyingine.

Anko wa South C
Kuhusu kusoma injinia ya jumla kwanza, mpwa wangu yuko Cambridge kule Uingereza na wao miaka 2 ya kwanza wote wanasoma injinia moja, mwaka wa 3 ndio mtu anachagua upande. Ni utaratibu mzuri sana kwa mtoto kama huyu wako. Lakini bila skolashipu sisi wa kawaida hatuwezi ile karo, na akirudi EBK lazima waikague hio digrii kabla ya kumsajili.

Mama wa Umoja
Nimerudi. Asanteni kutoka moyoni, Wa Inda nimesoma yako mara 3 na jioni hio hio tukakaa na kijana na simu tukapitia orodha ya EBK. Moja ya zile kozi alikua ameweka namba ya kwanza hatukuiona, tukaitoa. Jumatano nikaomba ofu tukaenda chuo. Tekinishani, mzee wa makamo na koti ya bluu, akamuuliza unataka nini, kijana akasema nataka kuona tu. Akawashiwa ile lethi, akapewa miwani, akaonyeshwa jinsi chuma kinaliwa pole pole mpaka kinang'aa. Mimi nilisimama pale mpaka miguu ikauma. Alipotoka alikua na kipande cha chuma mfukoni, bado cha moto, akaniambia mama ni mitambo. Tumeweka mitambo ya kwanza na umeme ya pili, zote tumeziona kwa orodha.

Sasa nauliza, kuna mtu hapa ana ile rula ya T ya kuchorea ambayo haitumii tena? Mpya nimeulizia tao bei imenishtua. Naweza kuja kuichukua popote, hata Juja.