Kuonja single malt Dar: karatasi ya alama inaanzia 80, tunadanganyana nini?

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa bia, mada ni tofauti kabisa na nina hasira.

Kuna jamaa hapa mjini wanaandaa usiku wa kuonja wiski. Siwataji, waliokuwepo wanajua. Kiingilio laki na ishirini, tangazo linasema: single malt sita kutoka Uskoti, kuonja na kutoa alama pamoja na mtaalamu. Laki na ishirini siilalamikii. Single malt (wiski ya kimea cha shayiri kitupu, ya kiwanda kimoja) ni ghali, ushuru wa pombe kali tunaujua, ukumbi nao unalipiwa. Ninacholalamikia ni alama.

Tumekaa, tukagawiwa karatasi. Ina visanduku vinne: 80–84 "nzuri", 85–89 "nzuri sana", 90–94 "bora", 95–100 "ya kipekee". Basi. Nikageuza karatasi nikidhani kuna upande wa pili, nikakuta tangazo la ukumbi. Nikamuuliza mtaalamu, "Kaka, nikikutana na mbaya naiandika wapi?" Akacheka, akawageukia wenzangu: "Bro, hapa hakuna mbaya. Hizi ni single malt."

Sasa kama hakuna mbaya, tumekuja kuonja nini? Huo ni mtihani ambao hata aliyesinzia tangu asubuhi anatoka na A.

Na wala alama za mia si tatizo zenyewe. Michael Jackson (si yule wa muziki, ni Mwingereza mwandishi wa bia na wiski aliyefariki 2007) ni mmoja wa waliowazoesha watu kutoa alama kwa mia. Jim Murray, mwandishi wa kitabu cha alama cha Whisky Bible, naye anagawa mia yake mara nne: 25 za harufu, 25 za ladha, 25 za kinachobaki mdomoni ukishameza, 25 za ulinganifu. Kubaliana naye au mkatalie, lakini unaona hesabu imetoka wapi. Wiski inaweza kunukia vizuri ikachukua 23, kisha ikakatika kooni ghafla ikaambulia 14, na wewe msomaji ukajua udhaifu uko upande gani. Sisi tumepewa kisanduku kimoja. Weka tiki, endelea kunywa.

Halafu msiniambie "ni burudani tu mkuu". Namba inahamisha hela. Mwaka 2014 huyo huyo Murray aliipa Yamazaki Sherry Cask 2013 ya Japani alama 97.5, akaiweka juu ya wiski zote za dunia, na bei yake mnadani ikapaa. Mtu mmoja, namba moja. Sasa jiulize inakuwaje pale anayesimamia alama ndiye huyo huyo mwenye chupa za kuuza mlangoni. Maana ndivyo ilivyokuwa: meza iko pale pale kwenye njia ya kutokea, chupa zimepangwa, na mashine ya kadi iko tayari.

Twende kwenye kuonja kwenyewe. Chupa zote sita zimesimama mbele yetu, lebo zinatutazama, na kabla ya kumimina kila moja mtaalamu anataja bei. "Hii inayofuata, wakuu, mshahara wa mtu." Ukishasikia hivyo, ulimi wako unafanya kazi gani tena? Kuonja kwa haki ni bila kuona chupa. Karatasi za kaki zinatosha kuzifunika, hazifiki hata elfu tano.

Na mpangilio! Glasi ya pili kaweka Ardbeg. Wanaoijua wameshaguna. Ardbeg inatoka kisiwa cha Islay, shayiri yake inakaushwa kwa moshi wa mboji (peat, udongo wa mimea iliyooza unaochimbwa na kuchomwa) mpaka fenoli, kemikali za moshi, zinafika kama sehemu 55 kwa milioni. (Hiyo namba inapimwa kwenye kimea kabla ya kupikwa, si kwenye glasi, ingawa mtaalamu wetu alitangaza kwamba "mnakunywa 55 hapo".) Baada ya moshi huo, glasi ya tatu ikaja Auchentoshan, wiski laini ya karibu na Glasgow inayokenekwa mara tatu. Nani angeisikia? Mdomo mzima ni majivu. Watu wakaipa 82, wakasema haina ladha. Ladha ilikuwepo, ila ilizikwa na aliyepanga foleni. Anayeanza kujifunza leo anajua unaanza na nyepesi, yenye moshi inakuja mwisho.

Kwenye hiyo hiyo Ardbeg tukaambiwa kila mtu aseme anasikia nini. Karatasi ilikuwa na orodha ya kuchagulia: maua ya heather, keki ya Krismasi, jamu ya machungwa makali, squash ya gooseberry. Mimi nikasema kilichonijia puani: kibuyu cha mtindi kilichofukizwa moshi, kile kinachosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto kabla ya kutia maziwa. Dada mmoja wa Arusha pembeni yangu akaruka, "Yes! Ndiyo hiyo hiyo!" Tukanusa tena wote wawili, na kweli: moshi kwanza, kisha ule uchachu mwembamba wa maziwa, halafu kitu kama dawa ya kidonda. Mtaalamu akasema hiyo si lugha ya kuonja, tuchague kwenye orodha. Mkuu, wewe heather umeinusa lini? Mimi hilo ua sijawahi kuliona, na nina uhakika ukumbi mzima hakuna aliyeliona. Yule dada kakua na kibuyu. Pua yake ilikuwa sahihi kuliko karatasi yako, na ukamfunga mdomo.

Maji napo tukagombana. Niliomba maji kidogo, nikaambiwa "mwanaume haongezi maji kwenye single malt". Wachanganyaji wa Uskoti wenyewe wakiwa kazini huzimua sampuli kwa maji mpaka kama asilimia 20 ya kilevi ndipo wananusa, kwa sababu kilevi kikali kinaziba pua. Na mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus kule Sweden walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba ukizimua, guayakoli, kemikali inayobeba ule moshi, inasogea juu karibu na uso wa kinywaji. Yaani maji yanakuletea harufu. Uanaume umeingiaje hapo?

Glasi ya nne haikuwa na umri kwenye lebo. Mtaalamu akaiinua kwenye taa: "Oneni rangi hiyo, hiyo ni miaka mingi ndani ya pipa." Wapi! Sheria ya Uskoti, kanuni za 2009, inaruhusu kutia rangi ya karameli, E150a, na viwanda vingi vinatia. Ndiyo maana chupa zilizotiwa rangi zikiuzwa Ujerumani lazima ziandikwe "mit Farbstoff", yaani imetiwa rangi. Ukipata chupa iliyopitia soko la kule, geuza mgongo wake usome, utashangaa majina utakayoyakuta. Umri ni ile namba ya mbele tu, nayo ni ya wiski changa kuliko zote zilizomo ndani. Kama namba haipo, unachoweza kuapa ni miaka mitatu, kwa sababu ndicho kiwango cha chini kisheria. Rangi haiapi chochote.

Sasa chupa ya tano, hapa ndipo nilipotaka kuondoka. Nikasogea kusoma lebo. Imeandikwa waziwazi: Blended Malt. Kwa wasiojua: single malt ni ya kimea cha shayiri kitupu, ikapikwa kwenye mitungi ya shaba, yote ndani ya kiwanda kimoja. Blended malt ni mchanganyiko wa single malt za viwanda tofauti. Inaweza kuwa tamu sana, sina ugomvi nayo, lakini si tulicholipia. Nikamwonyesha. Akanijibu, "Malt ni malt, ni ile ile."

Si ile ile, na watu walishapigana kwa ajili ya hilo. Mwaka 2003 kampuni ya Diageo ilifanya mchezo huo huo na single malt yake, Cardhu. Mahitaji yalizidi, hasa Hispania, kiwanda kikawa hakitoshelezi, wakaanza kuchanganya na malt za viwanda vingine, wakabadili neno "single" kuwa "pure" na kuacha chupa ikifanana na ya zamani. Washindani wao, William Grant & Sons, wenye Glenfiddich, wakaja juu, sekta nzima ikatikisika, na 2004 Diageo ikarudi nyuma. Kanuni za 2009 zikaja kuziba kabisa huo mlango, "pure malt" ikapigwa marufuku. Jitu kubwa kama Diageo lilirudi nyuma kwa neno moja kwenye lebo. Mwandaaji wa Dar anasema malt ni malt.

Kwa hiyo hiyo ya tano nikaipa 61, nikaiandika pembeni kwa kuwa kisanduku hakuna: utamu wa asali mwanzoni, kisha ukali wa spiriti, kisha hakuna kitu. Karatasi zikakusanywa, wastani ukasomwa, zote sita juu ya 80, makofi. Wakati wa kutoka nikaiona karatasi yangu juu ya meza. Ile 6 imechorwa kalamu juu yake, imekuwa 8. Nikauliza. Kijana wa mlangoni akasema, "Boss alidhani umekosea kuandika."

Ongeza na kipimo. Kila glasi ilikuwa kama mililita 10, hiyo ni kawaida kwa kuonja, sawa. Lakini tulikuwa watu kama ishirini, kwa hiyo kila chupa ilitoka mililita 200. Chupa ina 700. Nusu lita mara sita imebaki nyuma ya kaunta, na tumeshailipia.

Ninachotaka ni hiki: chupa zifunikwe, karatasi ianzie sifuri, maji yawepo mezani, na anayesimamia alama asiuze chupa usiku huo huo. Waliolipia single malt sita wakapewa tano warudishiwe ya moja. Ni elfu ishirini, sitajenga nayo nyumba, lakini ni yangu.

NYONGEZA: Naona mchangiaji hapo chini anasema nina wivu na kwamba maskini tusiokunywa konyagi kwa amani tunajifanya wataalamu. Mkuu, konyagi nainywa na naiheshimu, haijawahi kuniambia ina miaka isiyokuwa nayo. Mwingine kauliza kama chupa zenyewe zilikuwa feki. Hapana. Stempu za TRA zilikuwepo, mihuri ilikatwa mbele yetu. Wiski haina kosa.

Na wewe mwandaaji, upo humu, umeshanitumia PM mbili za kuniomba nifute uzi. Sifuti. Jibu hapa hadharani: nani kaigeuza 61 yangu kuwa 81, na karatasi za wangapi wengine zimeguswa?