Mjadala: Je, Kenya irudi kwenye mfumo wa serikali ya bunge?

Mwanzisha mada, Nairobi:
Tuweke kando majina ya wanasiasa, tuutazame mfumo wenyewe. Juni 25, 2024, wabunge 195 walipitisha Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, 106 wakaupinga, vijana wamejaa barabarani nje ya Bunge. Risasi zikalia, watu wakafa. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi, akaurudisha akitaka vifungu vyote vifutwe. Wabunge wakarudi mashinani wakiubeba mswada ambao mwenyewe keshaukana. Julai mawaziri wakafutwa, Rais akabaki, kwa sababu kikatiba bajeti yake ikianguka yeye haanguki nayo. Kwenye mfumo wa bunge, ambako wabunge ndio humchagua kiongozi wa serikali, serikali ikishindwa kupitisha fedha zake, kwa desturi hujiuzulu au huitisha uchaguzi.

Juni hiyo hiyo, Afrika Kusini, chama tawala cha ANC kilikuwa kimepata asilimia 40 tu ya kura. Rais wao huchaguliwa na Bunge, hivyo ikabidi chama kikae mezani na wapinzani ndipo mgombea wake Ramaphosa apite. Hapa kwetu wanasiasa wa chama cha upinzani cha ODM waliingia baraza la mawaziri kwa kualikwa, na aliyewaalika ana uwezo wa kuwatoa kesho asubuhi.

Mchangiaji, Umoja:
Ndugu yangu, hapo tunaachana. Mwaka 1963 tulikuwa na Waziri Mkuu na upinzani bungeni. Mwaka uliofuata chama cha upinzani, KADU, kikajivunja kikahamia chama tawala, KANU, tukawa jamhuri yenye rais, na 1966 Seneti ikafutwa. Yote yalipita mikononi mwa wabunge. Hao ndio wanichagulie kiongozi? Wataangusha serikali kila mwezi wakitafuta vyeo. Mimi hupanga foleni tangu alfajiri pale shuleni kumchagua rais kwa kura yangu, na siitoi.

Kingine, rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika kaunti 24. Kwa hiyo hata Wajir, kaunti ya mbali kaskazini mashariki, anaenda kuomba. Waziri Mkuu mwenye viti vya kutosha kutoka maeneo mawili matatu, Wajir ataendea nini?

Mwanzisha mada:
Hilo la kuangusha serikali kila mwezi lina dawa. Ujerumani wabunge hawawezi kumng'oa Chansela, yaani kiongozi wa serikali, mpaka wamchague mrithi wake kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote. Tangu 1949 njia hiyo imefaulu mara moja tu, 1982, Schmidt alipompisha Kohl.

La Wajir ni zito zaidi, nami nakubali kwamba sharti la kaunti 24 limetusaidia. Pendekezo langu: Waziri Mkuu na baraza lake waidhinishwe pia na Seneti, na kura ipigwe kwa kaunti, kila moja kura moja, kama ilivyo sasa kwenye miswada inayohusu kaunti. Nairobi yenye maeneobunge 17 ihesabiwe sawa na Wajir yenye sita. Wewe wa Umoja, ungekubali hivyo?