Pipa la kukinga maji ya mvua kwa ajili ya bustani, nianzie wapi? (Tabora)

kijana_wa_ipuli
Wakuu habari za jioni. Niko Tabora mjini huku Ipuli, nyuma ya nyumba nina kibustani, matuta manne ya mchicha na matembele na nyanya kidogo, sasa nataka nifunge pipa la kukinga mvua maana bili ya maji mwezi wa tisa na wa kumi imenitoa jasho na nyanya zenyewe zikakauka vilevile. Bati upande wa bustani ni kama mita 10 kwa 4. Kuna jamaa anauza mapipa ya plastiki ya lita 200, mengine ya bluu, mengine meupe yana kaharufu hivi ila ndo bei chee. Nichukue lipi? Moja linatosha au nijichange ninunue tanki la lita 1000? Na nikijaza masika haya nitafika nayo kiangazi? Juzi imepiga ya kwanza nimekaa barazani naangalia maji yote yanakimbilia barabarani, roho inauma.

mama_matuta
Mwanangu nianze na hilo la mwisho, kiangazi hufiki. Hesabu ni nyepesi, mvua ya milimita 1 kwenye mita moja ya mraba ni lita 1, bati lako ni mita 40 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 10 tu, ya kawaida kabisa, inakupa lita 400, toa yanayorukia pembeni bado una mia tatu na kitu. Pipa limejaa hata chai haijachemka. Ila kutoka ni hivyohivyo, matuta manne ukimwagilia keni tano za lita kumi kwa siku ni lita 50, siku ya nne unagonga pipa linalia tupu. Na huku kwetu kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi mvua ni ya kuhesabu. Pipa linakusaidia pale mvua inapokatika katikati ya masika wiki nzima na mchicha ndo kwanza umeota. Mimi ningeanza na mawili ya bluu, tanki litakuja.

Hayo meupe yenye harufu achana nayo hata akikupa bure. Mkoa wetu ni wa tumbaku, madawa ya shambani yanapita kwenye vyombo vya kila aina, muulize lilibeba nini, ukiona lebo imekwanguliwa na mwenyewe anaanza hadithi, ondoka. Halafu jeupe linapitisha mwanga, maji yanaota ukijani.

fundi_ujiji
Mama kamaliza kwenye hesabu, mimi niongezee ya ufungaji. Kwanza nunua pipa lenye mdomo mpana na mfuniko, yale yenye vitundu viwili vidogo juu utajuta, mkono hauingii kuosha wala kukaza nati ya koki kwa ndani. Hata hilo la mdomo mpana kufika chini ni kazi, la kwangu nililaza ubavu nikamwingiza mwanangu wa darasa la pili na spana, akatoka ananuka mawese mpaka kwenye nywele maana lilikuwa pipa la mawese, huku Kigoma ndo yamejaa. La mawese halina shida kwa bustani, osha na maji ya moto na sabuni mara mbili tatu, mvua za mwanzo utaona kautando kanaelea juu basi.

Pili ni kitako. Watu wanahangaika na pipa wanasahau kwamba lita 200 ni kilo 200. Mimi la kwanza niliweka juu ya tofali mbichi, maji ya kufurika yakawa yanadondokea palepale, siku ya tatu nasikia kishindo usiku, pipa limelala juu ya nyanya zangu. Shindilia udongo, mwaga kokoto, panga tofali za bloku, ukitaka mapipa mawili yaunganishwe kwa paipu chini yawe levo moja ndo yatajaa sawa. Nyanyua kiasi cha keni kuingia chini ya koki, usitegemee mpira kurusha maji, presha hakuna.

Gata ielekeze kwenye pipa, mteremko mdogo tu, maji yatembee. Na toboa tundu la kufurika karibu na mdomo, utoe na paipu mpaka kwenye tuta la mbali na msingi wa nyumba.

mdau_asiyelala
Hapo mnafuga mbu wakuu. Siku kumi tu mtoto wa mbu keshaota mbawa.

mama_matuta
Ndo maana ya mfuniko baba. Kata tundu pale maji yanapoingia, funika na wavu wa dirishani, ufunge na mpira wa tairi la baiskeli, na tundu la kufurika nalo livalishe. Huo wavu unadaka na majani, nyie wa Ipuli si mna miembe kila nyumba? Mwezi wa kumi na mbili maembe yanadondoka kwenye bati yanaziba gata, panda ukague kila wiki. Mvua ya kwanza baada ya jua refu iache ipite, inasomba vumbi na kinyesi cha ndege. Na maji hayo ni ya mchicha, watoto wasinywe.

kijana_wa_ipuli
Shikamoo mama, asante, fundi asante. Nimechukua mawili ya bluu, muuzaji kasema yalibeba asali na kweli ukinusa ni asali, nyuki washafika kabla ya mvua 😂 Jana imenyesha dakika ishirini yakajaa yote. Ila koki moja inavuja tone tone. Tundu nilitoboa kwa bomba la chuma nililochoma jikoni, likatoka kama yai.

mama_matuta
Marahaba.

fundi_ujiji
Hapo ndo penyewe, raba haikai kwenye yai. Mwaga maji, sawazisha tundu na kisu liwe duara, weka raba kubwa kidogo ndani na nje, kaza kwa mkono kisha spana robo mzunguko tu, ukilazimisha unapasua plastiki. Hao nyuki suuza pipa, wataondoka.