Mkimbizi ana mtu wa kumsikiliza, sisi wa Itezi, Mbeya, tulipewa pole na blanketi. Ni sawa?

Soweto Mchana: Wakuu habari za mvua. Shemeji yangu yuko na shirika moja kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kasulu, anasema Wakongo na Warundi kule wana washauri wa kukaa nao, vikundi vya kina mama, mtu akizidiwa anaandikiwa dawa. Poa. Sasa Aprili 2024 Mlima Kawetere uliposhuka Itezi ukafukia manyumba, mama yangu mdogo alitoka na kanga moja na watoto. Mpaka leo mvua ya usiku ikianza anavaa viatu anakaa mlangoni mpaka kunakucha. Nani kaja kuongea naye? Tuanze na nani jamani?

Mama Chai Rungwe: Pole yake. Ila mdogo wangu, hela ya kambini ni ya wahisani, sio ya kodi yako ya bodaboda. Wakiitoa Kasulu haiji Uyole, inaenda zake nchi nyingine.

Soweto Mchana: Bodaboda imeingiaje hapa dada? Mimi nauza mchele Mwanjelwa.

Mtoto wa Mishamo: Wakimbizi gani mnaowasema? Wazazi wangu walikimbia Burundi 1972, uraia tukaja kupewa 2014. Mzee wangu hakuwahi kumwona mshauri hata wa dawa. Alikuwa hakai mahali mlango uko nyuma yake, hata kanisani anasogeza benchi, sisi watoto tunaona aibu tunajua ni ubishi wa uzee. Kafa hivyo hivyo anauangalia mlango.

Braza Ilomba: Shida yetu ushamba. Akili ikiguswa mtu anakimbilia maombi, au kama wenzetu Wahehe wa Iringa, mawazo kidogo tu wanajitia kamba 😂😂

Mwana wa Kalenga: We Braza unacheka nini? Nimezika binamu yangu, watu wako msibani bado wananong'ona "si unajua Wahehe". Alikuwa halali miezi, anasema kichwa kinawaka, hakuna aliyemuuliza, kila mtu anasubiri utani utimie.

Braza Ilomba: Pole kwa msiba kiongozi, ila utani ni utani. Hata chifu Mkwawa wenu si alijimaliza mwenyewe?

Mwana wa Kalenga: Soma kwanza. Ngome yake ya Kalenga ilivunjwa 1894, akakaa miaka porini anahamahama na Mjerumani nyuma yake, 1898 wamemzingira ndo akajipiga risasi. Huyo leo ungemwita mkimbizi wa ndani, halafu ungemcheka.

Mzee Makambako: Na kichwa wakakata wakapeleka Ujerumani, kikarudi siku ya uhuru.

Mwana wa Kalenga: Mzee wangu shikamoo, hapana. 1954, alikileta Gavana Twining.

Nesi wa Usangu: Samahani kukatisha fuvu. WHO walitoa hesabu 2019, penye vita mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la akili la aina fulani. Wengi wao hawahitaji hospitali ya vichaa ya Mirembe, na nyie mkisikia akili mnawaza Mirembe tu. Wanahitaji usingizi, kazi ya kufanya, na mtu aliyefundishwa kusikiliza, hata nesi wa zahanati anafundishika. Kambini ndo wanavyofanya. Kwa hiyo sio mkimbizi kamnyang'anya mama wa Itezi, ni kitu ambacho kingefanyika hapa hapa. Na huyo mama msimwambie "sahau". Mpelekeni hospitali ya rufaa, kitengo cha akili kipo.

Mzee Makambako: Marahaba mwanangu wa Kalenga. Ila 1954 tulikuwa chini ya Mwingereza, fuvu la Mjerumani anarudishaje Mwingereza?

Mama Chai Rungwe: Soweto, mama mdogo bado yuko Itezi?

Soweto Mchana: Kapanga Nzovwe. Viatu bado viko mlangoni. Nesi asante, Jumatatu nampeleka, ila akisikia neno akili atagoma, nitamwambia tunapima presha.

Braza Ilomba: Kalenga jibu swali la mzee. Na mafuvu kule makumbusho ya Bremen, Ujerumani, yalikuwa rundo, huyo Twining alijuaje lipi la Mkwawa?