Natembea kila siku miaka 6 sasa, mbona nimeshindwa kuinuka sakafuni?

MamaAlfajiri
Habari zenu wote. Nina miaka 66. Tangu nistaafu natembea kila asubuhi dakika 45, iwe mvua iwe jua. Presha imetulia. Kuna kilima njiani ambacho zamani nilikipanda kwa vituo, siku hizi nakipanda huku napiga soga. Nilijua mwili wangu uko sawa.

Wiki mbili zilizopita nilikaa sakafuni nimfunge mjukuu wangu kamba za viatu. Kuinuka ikawa kazi. Nikaweka kiganja chini nikajisukuma, nikapanda kidogo, nikarudi. Mara ya pili hivyo hivyo. Ikabidi nitambae kwa magoti hadi kwenye kochi, nikaegemeza viwiko vyote viwili, ndipo nikasimama. Mtoto ana miaka 4. Akaninyooshea mkono: "Bibi, nikuvute?" Neno lile limenikaa rohoni mpaka leo.

Nauliza wenye uzoefu: kutembea kote kule kunafanya kazi gani mwilini ikiwa hata kusimama siwezi? Rafiki mmoja ananivuta kwenye yoga, mwingine anasema kuogelea ndiko kunakogusa mwili mzima, binti yangu anataka nikapige vyuma. Vyuma naviogopa. Mwaka jana nilipimwa mifupa nikaambiwa imeanza kupungua, ingawa haijafikia kuitwa ugonjwa.

Kipepeo
Pole sana mama. Mimi yoga imenisaidia mabega, sasa naweza kufunga zipu ya gauni mgongoni mwenyewe. Ila nguvu za miguu sikuziona huko, niseme ukweli.

ShangaziWaVyuma
Mdogo wangu, nimesoma habari yako mara mbili kwa sababu na mimi yalinikuta, ila mimi ilikuwa bafuni. Nina miaka 72.

Kwanza usiyadharau matembezi yako. Yamefanya kazi yake, moyo na mapafu, na kile kilima ni shahidi. Lakini kuinuka sakafuni si kazi ya pumzi. Ni kazi ya mapaja na makalio, tena kwa mkupuo mmoja. Aliyenifundisha alinieleza kwamba msuli una nyuzi za taratibu, zinazovumilia safari ndefu, na nyuzi za kasi, zinazotoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Umri unazila zaidi zile za kasi, na kutembea mahali tambarare karibu hakuzigusi kabisa. Ndiyo maana mtu anatembea miaka yote hiyo huku zile za kumuinua zinasinyaa kimya kimya. Na sisi wanawake tunaanza na msuli mchache kuliko wanaume, halafu hedhi ikikoma estrojeni, ile homoni ya kike, inashuka, mifupa nayo inapungua kwa kasi miaka ile ya mwanzo.

Kuogelea nimeogelea miaka 9 na bado napenda. Kulinipa pumzi na mabega, na magoti hayakuniuma. Lakini nilipopimwa mifupa, daktari akaniambia maji yanakubebea uzito, mfupa hausikii mzigo, kwa hiyo haujijengi. Iliniuma sana, maana miaka yote ile nilidhani najikinga.

Vyuma nilianza nikiwa na miaka 67, na sikuanza na chuma. Nilianza na kiti. Nikakiwekea mito miwili ili kisiwe chini sana, nikakunja mikono kifuani, nikasimama na kukaa mara 5. Hizo 5 zilinitoa jasho. Nilipozoea nikatoa mto mmoja, baadaye wa pili, kisha nikaanza kukumbatia chupa ya maji ya lita moja na nusu. Jambo ambalo wengi hawakuambii ni kwamba kushuka kuna kazi sawa na kupanda. Usijibwage kitini. Shuka ukihesabu moja mpaka nne, mpaka usikie mapaja yanawaka, makalio yaguse kiti taratibu kana kwamba kuna yai pale. Leo nanyanyua kilo 40 kutoka chini, mara 5, napumzika dakika mbili, narudia.

Kuhusu hofu ya mifupa: huko Australia kulifanyika utafiti unaoitwa LIFTMOR, matokeo yakatoka 2018. Walikuwa wanawake 101 waliokwisha koma hedhi, mifupa yao imepungua kama yako. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito kwelikweli, nusu saa mara mbili kwa wiki, msimamizi yuko pale pale. Baada ya miezi 8 mifupa yao ya uti wa mgongo, pale kiunoni, ilikuwa imeongezeka kwa wastani wa 2.9%. Kundi lililofanya mazoezi mepesi nyumbani, ya kwao ilipungua 1.2%. Na kama unadhani umechelewa, mwaka 1990 huko Marekani wakazi wachache wa makao ya wazee, wenye umri wa kama miaka 90, walifanyishwa mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki 8 tu. Wawili wakaacha fimbo zao.

Tumaini77
Naomba niweke tahadhari. Mama yangu aliingia darasa moja la mazoezi, siku ya kwanza akapewa chuma bila kuulizwa hata anaumwa nini. Mgongo ulimkamata wiki tatu, na mpaka leo hataki kusikia neno vyuma. Mkufunzi ambaye hajakuuliza habari za mifupa, presha na dawa unazotumia, muage uondoke.

FizioWaWazee
Shikamooni mama zangu. Tumaini yuko sahihi. Kazi yangu ni fiziotherapia kwa wazee, na wengi wananijia baada ya kuanza vibaya.

Mama Alfajiri, kwa kuwa mifupa imeanza kupungua, epuka kuinama mbele kwa kukunja mgongo, hasa ukiwa umeshika kitu, na epuka kujisokota kiuno kwa nguvu. Hata kwenye yoga mwambie mwalimu mapema. Ukitaka kuokota kitu, sukuma makalio nyuma, mgongo ubaki umenyooka. Na kama dawa yako ya presha ni ya zile zinazopunguza mapigo ya moyo, usifuate namba za saa ya mkononi. Fuata mdomo: ukiweza kuongea lakini ukashindwa kuimba, hicho ndicho kiwango cha kati.

Jipime leo. Kiti imara kiegemezwe ukutani, mikono kifuani, hesabu unasimama mara ngapi kwa sekunde 30. Kwa mwanamke wa miaka 65 hadi 69, chini ya 11 ni chini ya wastani, na tunaihesabu kuwa dalili ya hatari ya kuanguka.

Kitu ambacho hakuna aliyekigusa hapa ni kuhimili mwili usiyumbe. Nguvu peke yake haitoshi. Ukijikwaa unahitaji mguu uwahi. Tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, imepimwa sana kwa wazee na inapunguza kuanguka. Huna mwalimu, simama mguu mmoja mbele ya sinki, vidole viwili juu yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 kwa wenye miaka 65 na zaidi unataka vyote: dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kati kwa wiki, misuli angalau siku 2, na mazoezi mchanganyiko ya nguvu na ya kuhimili mwili siku 3. Kwa hiyo matembezi yako usiyaache, yaongezee wenzake.

MamaAlfajiri
Asanteni mno. Nimejipima sasa hivi. Nimepata 8, ya nane nikiwa natetemeka. Nimeweka mito miwili kama Shangazi alivyosema.

MamaAlfajiri (baada ya wiki 7)
Narudi kuwapa habari. Mito nimeshaitoa yote. Natembea siku 4 badala ya 7, siku mbili ni za kiti na chupa, na jioni nikiosha vyombo nasimama mguu mmoja. Juzi nimejipima: 12. Sakafuni nainuka kwa kupiga goti moja kwanza, kiganja juu ya paja, nasukuma. Kochi silishiki. Wiki ijayo naanza vyuma kwa mkufunzi ambaye alinihoji karibu nusu saa kabla ya kunigusisha kitu.

Swali moja: goti la kulia linalia "ka" kila nikishuka. Haliumi. Niendelee?

FizioWaWazee
Hongera sana mama. Kama haliumi na halivimbi, endelea, ila angalia goti lisiingie ndani unaposhuka, lielekee upande wa kidole cha pili cha mguu. Likianza kuvimba au kukwama, simamisha ukaonwe.

ShangaziWaVyuma
12! Mdogo wangu, nimesoma hii nikiwa nimesimama. La kwangu linalia mwaka wa tano huu. Siku ya kwanza ya vyuma njoo utuambie wamekuanzisha na kilo ngapi.