Plagini ya WordPress yenye maktaba ya Apache 2.0 ndani: GPLv2, GPLv3 au MIT?

mshona_msimbo
Wakuu, zip ya plagini imebeba maktaba ya PHP yenye leseni ya MIT, SDK ya malipo (msimbo wa kuunganisha na kampuni ya malipo) yenye leseni ya Apache 2.0, fonti ya OFL 1.1 (leseni ya fonti) na faili moja la .min.js (JavaScript iliyobanwa). Inakwenda kwenye saraka ya WordPress.org. Kichwa cha faili kuu kinasema GPLv2 or later (leseni ya GPL toleo la 2 au la baadaye). Kibaki hivyo, kiwe GPLv3, au yote iwe MIT?

kisiwa_huria
MIT haina ugomvi na GPL yoyote, mradi uache tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni mahali pake. Shida ni Apache 2.0. Ukimshtaki mtu kwamba programu ile inavunja hataza (patent) yako, haki za hataza ulizopewa ndani yake zinakatika. GPLv2, kifungu cha 6, inakataza kumwongezea mpokeaji masharti, kwa hiyo hizo mbili haziungani. GPLv3 ya mwaka 2007 inayapokea masharti ya aina hiyo.

Kinachokuokoa ni "or later". WordPress nayo ni GPLv2 or later, hivyo zip nzima itoe chini ya GPLv3. Faili ulizoandika mwenyewe zinaweza kubaki GPLv2 or later. Kwenye faili kuu na readme.txt andika:

`License: GPLv3 or later`
`License URI: https://www.gnu.org/licenses/gpl-3.0.html`

MIT kwa msimbo wako saraka inaikubali, lakini haiondoi masharti ya vilivyomo ndani.

dira
Mkuu, kabla ya kubadilisha kichwa endesha `composer licenses --no-dev` (Composer ndiyo inayosimamia maktaba za PHP). Inaonyesha hata maktaba zilizoingia kwa mgongo wa nyingine. Ukikuta GPL-2.0-only (toleo la 2 tu, bila "or later") pamoja na Apache-2.0, mojawapo itoke; hapo hakuna ujanja. BSD ya vifungu 4 nayo itoke, kwa sababu ya sharti lake la matangazo. Na kwenye composer.json, leseni mbili ndani ya orodha maana yake ni "au", unachagua moja. Wengi hudhani zote zinawabana, wakaitupa maktaba nzuri bure.

fundi_vifurushi
Nakazia upande wa zip, maana huko ndiko watu wanakoteleza. Tazama .distignore (orodha ya faili zisizoingia kwenye zip): mstari wa `*.txt` unafuta LICENSE.txt na OFL.txt kimyakimya, na hapo umevunja leseni ambazo zilikuwa zinapatana vizuri kabisa. SDK ikiwa na faili la NOTICE, kifungu cha 4(d) cha Apache kinataka maelezo yake yasafiri pamoja nayo. Kwa .min.js, weka chanzo kinachosomeka ndani ya zip au kiungo chake kwenye readme. Fonti nayo: ukipunguza herufi ili iwe nyepesi, umeibadilisha, na kama ina jina lililohifadhiwa lazima uipe jina jingine.

dira
Mimi ningeiacha SDK kabisa. Ikiwa kazi yake ni kutuma maombi mawili matatu kwa seva ya malipo, `wp_remote_post()` ya WordPress yenyewe inatosha, na plagini inabaki GPLv2 or later.

kisiwa_huria
Sawa kwa maombi mepesi, ndugu. Lakini kama SDK ndiyo inayohakiki sahihi za webhook (taarifa ambazo seva ya malipo huituma tovuti yako), usiandike upya kwa kukwepa leseni tu. Kosa dogo pale linapitisha malipo ya uongo. Hapo chukua GPLv3.