Abiria akisema "nitakuwekea tipu kwenye apu", anaweka kweli?

Dereva Mgeni, Minneapolis

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Nimeanza kuendesha Uber wiki ya tatu sasa na kuna kitu kinanichanganya. Jumanne saa kumi alfajiri nimembeba mama mmoja ana masanduku mawili mazito kama mawe, nimempeleka uwanja wa ndege, nikashuka nikamtolea, akanishukuru weee mpaka mkono akanipa, akasema nitakuwekea tipu kwenye apu. Nikasogea pembeni nikawa naangalia simu kama mtu anasubiri majibu ya mtihani. Hamna kitu. Leo Ijumaa hamna kitu. Sasa hiyo hela kampuni imeikalia au mama ndo kanipiga chenga? Na kuna jamaa kaniambia huku tipu ni asilimia 20, ni sheria, eti kweli?

Mzee wa Zamu ya Usiku

Marahaba mdogo wangu, karibu kazini. Hiyo "nitakuwekea kwenye apu" ukiisikia we itikia asante sana halafu isahau kabla hujafunga buti. Sisemi wote waongo, mtu ana nia kabisa pale mlangoni, ila akishaingia ndani kuna foleni ya ukaguzi, mkanda avue, kwenye simu anatafuta pasi ya ndege, wewe umeshasahaulika. Wanaoweka mara nyingi ni wale waliokaa kimya safari nzima hata hujui kama walikuona.

Kampuni haijaikalia. Uber na mshindani wake Lyft zote tipu inakuja kwako nzima, hawakati asilimia yao pale. Fungua mapato, bonyeza tripu yenyewe, utaona mstari wa nauli na mstari wa tipu uko peke yake. Kama mstari haupo basi hajaweka. Lakini usimkatie tamaa, kwenye Uber abiria anaweza kurudi kwenye tripu akaongeza tipu hata siku nyingi baadaye, mimi nimeshawahi kuingiziwa dola 10 ya tripu niliyokuwa nimeisahau kabisa.

Sheria ya asilimia 20 hamna. Hayo ni mazoea ya mgahawani, kule sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri amlipe mhudumu dola 2.13 kwa saa halafu tipu zijazie mpaka ifike kima cha chini (hapo kwako Minnesota hata hiyo hairuhusiwi). Sisi si waajiriwa kwa hiyo hesabu yetu nyingine kabisa. Na historia kidogo maana vijana hamjui: Uber kwa miaka mingi haikuwa na kitufe cha tipu, abiria walizoea kwamba ukishuka umemaliza, Lyft ndo walikuwa nacho. Uber walikuja kukiweka Juni 2017 na walianzia Seattle, Houston na huko huko kwako Minneapolis. Kwa hiyo abiria wengi bado wana yale mazoea ya zamani, usichukulie kwamba wanakudharau.

Mama Mahesabu

Naongezea kwa mzee hapo. Kuna utafiti wa wanauchumi, John List yumo, waliangalia tripu kama milioni 40 za Uber hapa Marekani, tripu zilizopata tipu zilikuwa kama 16 tu katika kila 100, na karibu asilimia 60 ya abiria hawakutoa hata mara moja kwa muda wote ule walioangaliwa, wanaotoa kila safari ni asilimia 1. Kwa hiyo kaka ukibeba watu kumi wakatoa wawili hujafanya vibaya, siku yako ni ya kawaida kabisa.

Mi naona hesabu ya mafuta na kodi ya nyumba ipige kwenye nauli peke yake. Huko kwenu tangu Desemba 2024 jimbo limeweka kima cha chini dola 1.28 kwa maili na senti 31 kwa dakika ukiwa na abiria ndani, maana yake tripu ya maili 14 na dakika 25 inahesabiwa dola 25.67, ila kampuni inapimwa kwa jumla ya kipindi cha malipo kisichozidi siku 14, si tripu moja moja. Hiyo ndo ya kuifuatilia, ukiona pungufu piga kelele, maana hiyo ni haki yako, tipu si haki ya mtu.

Abiria wa Columbus

Jamani na sisi abiria tuulize. Nisipotoa tipu dereva ananipa nyota chache? Mi huwa natoa kwa woga kusema ukweli.

Mzee wa Zamu ya Usiku

Hapana dada, toa kwa moyo. Dereva anakupa nyota palepale tripu ikiisha, na muda huo hajui kama utaweka au hutaweka. Ninaowapunguzia mimi nyota ni wanaonisubirisha na wanaogonga mlango kama wana ugomvi nao. Kwenye kupeleka chakula ndo tofauti, kule mteja anaweka tipu kabla, na kuna wenye tabia mbaya wanaandika kubwa ili dereva aikimbilie oda, ikishafika wanaipunguza. Mimi nilifanyiwa mara mbili, dola 15 ikawa 2, nikaacha nikarudi kubeba watu.

Na ukiwa na keshi mpe mkononi, hakuna dereva atakayekasirika.

Mama Mahesabu

Keshi nayo iandikwe jamani!! Msije mkasikia "tipu hazina kodi" mkalala. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inakuruhusu kupunguza kwenye mapato yako tipu hadi dola 25,000 kwa mwaka, kuanzia mwaka wa kodi 2025 mpaka 2028, na madereva wa apu wamo kwenye orodha ya kazi zinazohusika. Ila hiyo ni kodi ya mapato ya shirikisho tu. Ile asilimia 15.3 ya kujiajiri, yaani Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee), inabaki palepale hata kwenye tipu. Kama umeoa au umeolewa lazima mjaze ritani (fomu ya kodi ya mwaka) pamoja ndo uipate. Nunua daftari la dola moja weka kwenye gari, tarehe, tipu ya keshi, maili. Maili hasa, kwa 2025 IRS, yaani mamlaka ya kodi, ilikubali senti 70 kila maili ya kazi na kwa wengi wetu hiyo ndo inayookoa kuliko hizo tipu.

Dereva Mgeni, Minneapolis

Asanteni sana wakuu, nimefungua mapato nimeona mstari wenyewe, wiki nzima dola 11 na yule mama hayumo, sawa tu. Swali la mwisho halafu niwaache mpumzike. Jana usiku nasafisha gari nimekuta dola 20 imekunjwa mara nne iko kwenye kiti cha nyuma. Hiyo ni tipu au imedondoka?

Mzee wa Zamu ya Usiku

Ya mkononi ni tipu. Ya kwenye kiti ina mwenyewe mpaka aseme. Mtumie ujumbe abiria wa mwisho kupitia apu, muulize tu kwa adabu.

Dereva Mgeni, Minneapolis

Nimemuuliza. Kasema ilimdondoka, lakini aliposikia kwamba kurudishiwa kitu kupitia apu anakatwa ada kaniambia kaa nayo.

Mama Mahesabu

Iandike.